Kisu Kiende Mpaka Wapi?

Mwaka 1907 daktari mpasuaji wa London, William Sampson Handley, alitoa mihadhara kuhusu uvimbe mweusi wa ngozi ambao leo unajulikana kama melanoma. Alikuwa wa Hospitali ya Middlesex, na jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma kwa utafiti wake wa saratani ya matiti. Ushahidi aliokwenda nao jukwaani ulitoka kwa maiti moja. Mgonjwa alikuwa amefariki saratani ikiwa imetapakaa mwilini. Handley alichukua ngozi na nyama zilizozunguka uvimbe mmojawapo, akazikata vipande vyembamba na kuvipitia kwa hadubini kimoja baada ya kingine, akifuatilia chembe za saratani zimefika umbali gani ndani ya mirija ya limfu.

Alichokiona kilimshawishi kwamba melanoma hutambaa pande zote kutoka kwenye shina lake, na kwamba hutambaa mbali zaidi chini ya ngozi kuliko juu. Ushauri wake ulifuata hoja hiyo. Mpasuaji akate ngozi kwa umbali wa inchi moja kutoka ukingo wa uvimbe, aiinue, kisha aondoe mafuta ya chini kwa inchi mbili kila upande, pamoja na utando unaofunika misuli. Jarida la Lancet likachapa mihadhara hiyo mwaka huohuo.

Inchi mbili ni sentimita 5, na hizo ndizo zilizoshika katika vitabu vya upasuaji. Handley alikuwa ametofautisha ngozi ya juu na mafuta ya chini, lakini waliomfuata hawakujali tofauti hiyo. Ikawa sentimita 5 za kila kitu, kila upande. Aliishi hadi 1962, na mpaka anafariki bado wapasuaji wengi duniani walikuwa wakikata hivyo, kwa kanuni iliyosimama juu ya mwili wa mgonjwa mmoja.

Ili kuelewa gharama yake, chukua doa la sentimita 1 kwenye paja. Ongeza sentimita 5 juu, 5 chini, 5 kulia, 5 kushoto. Shimo linalobaki lina upana wa sentimita 11, karibu na kisahani cha chai, na kina chake kinafika kwenye misuli. Ngozi ya pembeni haiwezi kuvutwa ikakutana. Inabidi daktari achune ngozi nyembamba sehemu nyingine ya mwili na kuipandikiza, kwa hiyo mgonjwa anaamka na vidonda viwili badala ya kimoja. Pandikizi linaweza kukataa. Likishika, linaacha bonde linaloonekana hata kwa mbali, na mguu unaweza kuvimba kwa miaka kwa sababu njia za limfu zimekatwa.

Si haki kumlaumu Handley. Wagonjwa wa zama zake walifika wamechelewa, na dawa ya kuifuata saratani ndani ya mwili haikuwapo. Kisu kilikuwa ndiyo tiba yote. Waliomtangulia walikuwa wameona ugonjwa huu ukirudi palepale ulipokatwa. John Hunter, mpasuaji mashuhuri wa Uingereza, aliondoa uvimbe nyuma ya taya la mwanamume wa miaka 35 mwaka 1787 bila kujua ni nini. Ulihifadhiwa katika jumba la makumbusho la wapasuaji London, na mwaka 1968 hadubini ikathibitisha kwamba ulikuwa melanoma. Naye William Norris, daktari wa mji mdogo wa Stourbridge, aliandika mwaka 1820 habari za mgonjwa ambaye baba yake pia alikufa kwa ugonjwa kama huo, na baadaye akawashauri wenzake wasikate uvimbe peke yake, bali waende na sehemu ya nyama nzima iliyouzunguka. Wazo la ukingo wa ngozi nzima, basi, lilikuwapo kabla ya Handley. Yeye alilipa kipimo, na ni vigumu sana kuwaondolea watu kipimo wakishakizoea.

Aliyeanza kukilegeza kipimo hicho hakuwa mpasuaji. Alexander Breslow alikuwa mwanapatholojia wa Chuo Kikuu cha George Washington mjini Washington, mtu wa maabara ambaye wagonjwa humfikia wakiwa vipande ndani ya chupa za formalini. Mwaka 1970 alichapisha kazi aliyoifanya kwa melanoma za wagonjwa 98. Badala ya kupima upana wa doa, alipima unene wake. Aliweka kipande chini ya hadubini yenye rula ndogo kwenye lenzi, akaanza kuhesabu kutoka tabaka la juu la ngozi hai mpaka kwenye chembe ya saratani iliyozama kuliko zote. Jibu lilitoka kwa milimita. Wagonjwa ambao unene wao ulikuwa chini ya milimita 0.76 hawakuona ugonjwa ukirudi wala kusambaa. Kadiri namba ilivyopanda, ndivyo hatari ilivyopanda.

Kipimo hicho hakihitaji mashine ya mabilioni. Kinahitaji hadubini, kipande kilichokatwa vizuri na mtu aliyefunzwa kutazama. Hata sasa, baada ya vipimo vya jeni na picha za kompyuta, unene wa Breslow ndiyo namba ya kwanza ambayo mpasuaji wa melanoma huitafuta kwenye karatasi ya majibu. Breslow mwenyewe hakuchukua muda mrefu kuona maana yake kwa kisu: miaka saba baadaye, pamoja na mwenzake, alitoa hoja kwamba melanoma nyembamba huenda hazihitaji kukatiwa eneo kubwa hata kidogo.

Hoja ni jambo moja. Kumshawishi mpasuaji anayehofia kumuua mgonjwa kwa ubahili wa sentimita ni jambo jingine. Ilihitajika kura. Yaani wagonjwa wagawanywe kwa bahati nasibu, hawa wakatwe pana, hawa wakatwe finyu, kisha wote wafuatiliwe kwa miaka.

Jaribio kubwa la kwanza liliongozwa na Umberto Veronesi kutoka Milan, chini ya mpango wa melanoma wa Shirika la Afya Duniani. Veronesi ndiye aliyeonyesha pia kwamba mwanamke mwenye saratani ndogo ya titi si lazima apoteze titi zima, kwa hiyo kupunguza kisu hakukuwa jambo geni kwake. Wagonjwa 612 wenye melanoma isiyozidi milimita 2 waligawanywa: nusu walikatiwa sentimita 1, nusu sentimita 3 au zaidi. Matokeo yalitoka mwaka 1988. Idadi ya waliobaki hai haikutofautiana. Waliopata saratani tena palepale kwenye kovu walikuwa watatu tu, wote wa kundi la sentimita 1, na wote melanoma zao zilikuwa zimefika milimita 1 au kuzidi. Watu hao watatu hawakutosha kuipindua hesabu, lakini walitosha kuwafanya wapasuaji wengi wasite kutumia sentimita 1 kwa unene wa kati, na kusita huko kumebaki mpaka leo katika miongozo.

Marekani wakajaribu 2 dhidi ya 4 kwa melanoma za milimita 1 hadi 4. Hapo ndipo faida ya mgonjwa ilipoonekana kwa macho. Katika kundi la sentimita 4, asilimia 46 walihitaji kupandikizwa ngozi. Katika kundi la 2, asilimia 11. Siku za kulazwa zilishuka kutoka wastani wa 7 hadi 5.2. Uhai haukupungua. Sweden nao wakathubutu kuipambanisha sentimita 5 ya Handley na 2, kwa wagonjwa 989 wenye melanoma za milimita 0.8 hadi 2, na saratani ilirudi kwenye kovu kwa chini ya mtu mmoja katika kila 100, kundi lolote lile. Wafaransa walifika mahali hapohapo. Kwa melanoma nyembamba na za wastani, sentimita 5 zilikuwa zimekufa.

Kwa nini ngozi nyingi zaidi haikununua uhai zaidi? Melanoma inayoua, mara nyingi haiui kwa chembe zilizosahaulika kwenye sentimita ya nne. Inaua kwa zile zilizoondoka zamani, kupitia limfu au damu, kabla mgonjwa hajalala kwenye meza ya upasuaji. Ukingo wa ngozi nzima kazi yake ni kuzoa viota vidogo vya saratani vinavyojificha karibu na shina, visivyoonekana kwa macho. Viota hivyo vikishazolewa, kuendelea kukata ni kumtesa mtu.

Lakini hadithi hii haiendi upande mmoja tu, na anayetaka kuambiwa kwamba finyu daima ni salama itabidi asikilize habari za Uingereza. Huko watafiti walichukua wagonjwa 900 wenye melanoma nene, milimita 2 na kuendelea, wakalinganisha sentimita 1 na 3. Ripoti ya kwanza ya mwaka 2004 ilionyesha kwamba saratani ilirudi kwenye eneo hilo au kwenye mitoki, yaani tezi za limfu, kwa watu 168 wa kundi la sentimita 1, na 142 wa kundi la 3. Uhai ulikuwa bado sawa. Wakaendelea kuwafuatilia. Mwaka 2016, muda wa kati wa ufuatiliaji ukiwa karibu miaka tisa, waliokufa kwa melanoma walikuwa 194 upande wa sentimita 1 na 165 upande wa 3. Tofauti hiyo si kubwa, na vifo vya sababu zote vikijumlishwa haikuthibitika kitakwimu. Hata hivyo hakuna mpasuaji makini anayeipuuza. Kwa melanoma nene, sentimita 1 ilionekana kuwa kidogo mno.

Majibu ya upande wa pili yalitoka nchi za kaskazini mwa Ulaya: Sweden, Denmark, Norway na Estonia, wagonjwa 936, unene zaidi ya milimita 2, sentimita 2 dhidi ya 4. Baada ya miaka mitano, asilimia 65 ya kila kundi walikuwa hai. Hawakuridhika na mitano. Waliwafuatilia kwa karibu miaka 20, na ripoti ya mwaka 2019 ilihesabu vifo 304 kwa waliokatiwa 2 na 317 kwa waliokatiwa 4. Mtu aliyekubali kubaki na kovu dogo hakulipa chochote kwa uamuzi huo. Ukiziweka pamoja hesabu za Uingereza na za kaskazini, sentimita 2 ndizo zinazobaki zimesimama kwa melanoma nene.

Kwa hiyo miongozo mingi ya sasa inasema hivi. Melanoma ambayo haijavuka tabaka la juu la ngozi, nusu sentimita hadi 1. Isiyozidi milimita 1, sentimita 1. Kati ya milimita 1 na 2, mpasuaji anachagua kati ya sentimita 1 na 2, akiangalia mahali ilipo. Zaidi ya milimita 2, sentimita 2. Lipo pia jaribio linaloendelea, lililoanzia Australia na kuenea nchi nyingine, linaloitwa MelMarT-II. Linakusudia kuwagawa wagonjwa 2,998 kati ya sentimita 1 na 2, nalo halihesabu vifo na kurudi kwa saratani tu, bali pia maumivu ya neva na namna mtu anavyoishi na kovu lake.

Kinachosahaulika na wengi ni kwamba kisu hupita mara mbili. Mara ya kwanza doa huondolewa lote na ukingo mwembamba wa milimita 1 hadi 3, kwa ganzi ya kawaida, likapelekwa maabara. Mpaka majibu ya unene yarudi, hakuna anayejua akate kiasi gani. Upasuaji wa pili ndio unaofuata hesabu.

Siku hiyo ya pili, mpasuaji huanza na kalamu na rula. Anapima kutoka ukingo wa kovu au wa rangi inayoonekana, anaweka nukta kulia, kushoto, juu na chini, anaziunganisha kuwa duara, kisha analirefusha duara ncha mbili ili mshono ulale vizuri. Urefu wa umbo hilo huwa kama mara tatu ya upana wake. Likiwa fupi kuliko hapo, ngozi hukunjamana nchani. Michoro hii hufanywa kabla ya sindano ya ganzi, kwa sababu dawa ikishaingia ngozi hujaa na sentimita zinadanganya. Kisha anakata kushuka moja kwa moja mpaka kwenye utando wa misuli. Kabla hajakitoa kipande, anatia uzi upande mmoja, tuseme upande wa saa 12, ili mwanapatholojia ajue wapi ni juu. Chembe zikionekana zimegusa ukingo, uzi huo ndio utakaosema ni ukingo upi wa kurudiwa. Ndani ya formalini kipande hunywea, kwa hiyo sentimita 2 za meza ya upasuaji hazitasomeka 2 maabara, na ndiyo maana miongozo hutaja kipimo cha ngozi hai.

Mahali penye vifaa, siku hiyohiyo hutafutwa tezi ya kwanza inayopokea limfu kutoka eneo la saratani, kwa rangi ya bluu, njia iliyotangazwa na Donald Morton na wenzake mwaka 1992, na siku hizi pia kwa dawa yenye mionzi hafifu. Lazima ifanyike kabla ya ukingo mpana kukatwa, maana baada ya hapo njia za limfu zinakuwa zimevurugika. Nayo imepitia historia kama ya sentimita: zamani tezi hiyo ikikutwa na saratani, mitoki yote ya eneo hilo iling'olewa, lakini jaribio la wagonjwa zaidi ya 1,900 lililoripotiwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba kuing'oa yote mara moja hakuongezi uhai kuliko kuifuatilia kwa ultrasaundi.

Sasa yaje ya kwetu. Majaribio haya yote yaliyotupatia rula yalifanywa zaidi kwa watu weupe, kwenye migongo, mapaja na mabega. Lile la Uingereza liliacha nje viganja na nyayo kwa makusudi. Lile la kaskazini mwa Ulaya liliacha mikono na miguu kuanzia vifundoni. Marekani waligawa kwa kura wale wa kiwiliwili na sehemu za juu za viungo. Watafiti walikuwa na sababu: kwenye unyayo huwezi kumwahidi mgonjwa sentimita 4 na ukatimiza ahadi. Lakini unyayo ndio mahali ambapo Mwafrika huipata melanoma mara nyingi.

Hilo lilijulikana mapema, na lilijulikana hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1967 M. G. Lewis alichapisha katika jarida la saratani la Uingereza utafiti wa melanoma nchini Uganda uliojikita kwenye nyayo, akichunguza uhusiano wa madoa ya rangi yanayoonekana kwenye nyayo za Waganda wengi na saratani inayotokea hapohapo. Mwanza nako, madaktari wa Hospitali ya Bugando walipopitia wagonjwa 154 wa saratani za ngozi, melanoma ndiyo iliyoongoza na mguu ndio ulioongoza kwa mahali, na wengi walifika uvimbe umeshapita sentimita 5. Ugonjwa wenyewe ni nadra kwa watu weusi. Makadirio ya Marekani ni mtu mweusi mmoja kati ya 1,000 katika maisha yake yote. Jua halihusiki na unyayo. Watu wenye ualbino, ambao jua linawaumiza kuliko mtu yeyote nchini, saratani zao kwa kawaida ni za aina nyingine, si melanoma, na ni vizuri mambo haya mawili yasichanganywe katika matangazo ya afya.

Mgonjwa maarufu kuliko wote wa aina hii alikuwa Bob Marley. Mwaka 1977 melanoma iligunduliwa chini ya kucha ya kidole gumba cha mguu wake wa kulia, mahali palipokuwa pakihesabiwa kuwa jeraha la mpira. Alishauriwa kidole kikatwe. Alikataa, imani yake ya Kirasta hutajwa daima, na hutajwa pia kwamba alikuwa mtu wa jukwaa na wa mpira. Huko Miami aliondolewa kucha na nyama iliyo chini yake, pakapandikizwa ngozi kutoka pajani. Aprili 1980 aliimba Harare, wakati huo ikiitwa bado Salisbury, katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Septemba alianguka akikimbia katika bustani ya Central Park, New York, na ikabainika saratani imefika kwenye ubongo. Alifariki tarehe 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Kisa hicho husimuliwa vijiweni kama hukumu: angekubali kukatwa, angekuwepo. Huenda. Lakini majaribio ya miaka 40 iliyofuata yanampa msimulizi sababu ya kupunguza uhakika wake. Kama chembe zilikuwa zimeshaondoka kidoleni siku daktari wa kwanza alipokitazama, kidole kizima kisingezirudisha. Kilichopotea bila shaka ni muda wa kabla ya hapo, doa lilipokuwa likipewa majina mengine.

Nyayo za watu wa kawaida hupewa majina mengine kila siku. Mwiba uliobaki ndani. Sugu. Damu iliyovilia chini ya kucha. Fangasi. Kidonda cha kisukari. Mwenyewe huanza kukichonga kwa wembe, kisha anapaka dawa ya kuunguza, kisha anakwenda kwenye zahanati ambako kinasafishwa na kufungwa wiki hadi wiki. Kila mchongo wa wembe unaondoa kile ambacho Breslow angehitaji kukipima. Hata hospitalini, jambo baya kuliko kukata kidogo ni kukata na kutupa. Kinyama kilichotupwa ndooni kwa sababu mgonjwa hakuwa na hela ya maabara kinaondoka na milimita zake, na baada ya hapo mpasuaji wa pili anakisia. Katika bajeti ya familia iliyouza mbuzi ili ifike mjini, hela ya hadubini inapaswa kuwa ya mwisho kukatwa, si ya kwanza.

Tuseme majibu yamekuja: kisigino, milimita 3. Mwongozo unataka sentimita 2. Ngozi ya kisigino ni nene, nayo imeshonwa chini kwa nyuzi zinazoishikiza kwenye mfupa. Ndiyo maana haitelezi mtu anapotembea, na ndiyo maana haivutiki hata nusu sentimita. Ngozi nyembamba ya paja ikipandikizwa hapo, itashika, lakini itachanika chini ya uzito wa mtu mzima anayerudi shambani. Wapasuaji wenye ujuzi wa kurekebisha viungo hufanya jambo la kijanja. Huchukua ngozi ya tumbo la unyayo, lile bonde lisilogusa ardhi, huiinua pamoja na mshipa wake wa damu na neva yake, huizungusha mpaka kisiginoni na kuishona hapo. Pandikizi la paja huwekwa kwenye bonde, ambako halitakanyagwa. Mtu anarudi kukanyaga kwa ngozi iliyozaliwa kukanyaga, yenye hisia.

Upasuaji huo huchukua saa kadhaa na unataka mtaalamu ambaye hospitali nyingi za mkoa hazinaye. Kwa hiyo palepale kwenye meza huzaliwa mapatano ambayo hakuna jaribio lililoyapima. Mpasuaji mmoja ataacha sentimita 1.5 upande wa ndani ili aokoe neva. Mwingine atakata 2 kamili na kumwacha mgonjwa na gongo. Wa tatu, akiona mfupa umeshaguswa, atazungumza na familia habari ya kukata mguu chini ya goti, na mara nyingi ndipo ndugu wanapoomba ruhusa waende nyumbani wakashauriane.

Kidoleni mambo ni mepesi kidogo. Saratani iliyo bado kwenye tabaka la juu chini ya kucha siku hizi yaweza kuondolewa pamoja na kucha na kitanda chake, kidole kikabaki. Ikishazama, kinakatwa kwenye kiungo, si tena kutoka shinani kama ilivyokuwa desturi.

Akisharuhusiwa, mgonjwa hupewa tarehe za kliniki, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu hadi sita mwanzoni. Daktari hulitazama kovu na ngozi ya pembeni yake, kisha hupapasa nyuma ya goti na kwenye kinena akitafuta mitoki. Mgonjwa naye hufundishwa kujipapasa nyumbani mara moja kila mwezi, akiwa amelala chali, vidole vikishuka taratibu kwenye mkunjo wa paja, kwa sababu uvimbe mwingi unaorudi hugunduliwa na wenye miili kabla ya kliniki inayofuata.